Bunduki ya Kuanzia na Bunduki ya Kumalizia

(Mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kupata leseni ya uwindaji bingwa)

Asanteni sana. Kaeni, tafadhali. Nimeombwa nizungumzie bunduki wanazozipenda wawindaji wa wanyama wakubwa, na naona kule nyuma ubishi umeshaanza kabla hata sijafika mezani. Sishangai. Wawindaji wawili wakikaa kwenye moto wa kambi watakubaliana kuhusu upepo, kuhusu nyayo, hata kuhusu siasa. Ikifika zamu ya kaliba, yaani unene wa risasi kwa inchi, hapo hakulaliki.

Kwa maoni yangu ugomvi huo hauishi kwa sababu wanaobishana hawana kazi moja. Mgeni aliyelipia leseni ya nyati ndiye anayepiga risasi ya kwanza. Nyati amesimama, hana habari, upepo ni mzuri, mgeni ameegemeza bunduki kwenye fito tatu zilizofungwa pamoja, na muda wa kuvuta pumzi anao. Mwindaji bingwa anayemwongoza, aliyesimama pembeni yake, siku mambo yakienda sawa, hapigi kabisa. Akipiga, ujue mambo yameharibika: nyati amejeruhiwa, ameingia kichakani, na sasa anatoka. Nyati anayekuja kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa humaliza hatua thelathini kwa takriban sekunde mbili. Kwa hiyo bunduki ya mgeni ni ya kuanzia, ya mwindaji bingwa ni ya kumalizia. Ukimsikia mtu anaisifia bunduki, muulize kwanza yeye husimama upande gani.

Tuanze na ya kuanzia. Kanuni zetu hapa Tanzania zinataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba. Sheria imefuata walichokuwa wanakijua wawindaji tangu zamani. Hii hapa mkononi mwangu ni .375 ya Holland & Holland, risasi iliyotoka London mwaka 1912, na mpaka leo hakuna kambi ya uwindaji utakayoikosa. Ipitisheni, haina baruti. Angalieni ganda lake: halikusimama wima, linapungua unene taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni. Mnadhani ni urembo?

Baruti ya enzi hizo ilikuwa kodaiti, nyuzi ndefu kama tambi, na kodaiti ilikuwa na tabia mbaya ya kukasirika kwenye joto. Risasi iliyojaribiwa Uingereza wakati wa baridi, ikishinda juani Rufiji halafu ikapigwa, shinikizo lake linapanda kuliko alivyotarajia fundi. Ganda linatanuka, linang'ang'ania ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na bolti, lile komeo la kuifungia, haifunguki. Sasa hapo una rungu la bei mbaya, na nyati bado anakuja. Ganda lililochongoka huachia kuta za chemba mara tu linapoanza kuvutwa. Mafundi wa London hawakuwa wanatafuta nguvu tu, walikuwa wanatafuta ganda litakalotoka Oktoba saa nane mchana.

Kwa takwimu, .375 hutupa risasi ya gramu 19 kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Hiyo inatosha kwa nyati, na kwa tembo ukijua pa kupiga, na bado inakwenda kwa mstari ulionyooka vya kutosha kumfikia pofu, yule swala mkubwa, aliye mita 200. Mgeni mwenye leseni ya wanyama kumi hahitaji kubeba bunduki tatu. Zaidi ya yote, mtu wa kawaida anaweza kuipiga bila kuiogopa.

Hili la kuogopa nataka tukae nalo kidogo. Siku ya kwanza mgeni akifika, kabla ya chakula cha mchana, namtoa kwenda kupiga shabaha. Anapiga mbili tatu. Kisha naipokea bunduki yake, najifanya namwekea risasi, namrudishia ikiwa tupu. Anavuta triga. Kama mdomo wa mtutu umetulia, nafurahi. Kama umedondoka kiganja kizima, basi nimejua kwamba macho yake yanafumba kabla ya mlio, na kwamba bunduki aliyoinunua ni kubwa kuliko yeye. Wengi wa hao wamekuja na .458 au .500 kwa sababu muuzaji dukani aliwaambia Afrika ni Afrika. Namwazima .375 ya kambi, ananuna siku moja, siku ya pili anampata nyati wake kwa risasi moja ya begani.

Sasa najua kuna mtu hapa ameshaandaa jina la Karamojo Bell. Naona vichwa vinatikisika. Haya, tumalizane naye. Bell alikuwa Mskoti, akawinda Karamoja kule Uganda, akawinda Lado, Kongo na kwingineko, na hesabu yake ya ndovu ilifika 1,011. Wengi wao aliwaangusha kwa .275 ya Rigby, watengeneza bunduki wa London, ambayo ni ile ile risasi ya Mauser ya Kijerumani ya milimita 7, risasi ya gramu 11 tu. Leo ukiingia nayo kwenye msitu wa tembo unavunja sheria. Watu humtaja Bell kana kwamba alithibitisha kuwa kaliba haina maana. Alichothibitisha ni kitu kingine. Bell alilikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, kwa sababu ubongo wa tembo umejificha nyuma na chini, nyuma ya mfupa wenye vishimo vishimo ambao unaweza kumeza risasi nzito bila tembo kuanguka. Alijua njia ya kuufikia akiwa upande wowote. Alitaka bunduki nyepesi kwa sababu alitembea kutwa nzima akiwa ameishika mwenyewe, si kuachiwa mbebaji, na alitaka mlio mdogo ili kundi lisitawanyike. Risasi zake zilikuwa ngumu, zenye ganda kamili la chuma, ndefu kwa unene wake, zinazokwenda mbele bila kupinda. Na kama tembo hakukaa vizuri, Bell aliweza kumwacha, kesho yupo mwingine. Mwindaji bingwa anayemfuata tembo aliyejeruhiwa na mgeni hana kesho hiyo.

Tuje basi kwa bunduki ya kumalizia, na hapa kuna kambi mbili: watu wa bolti na watu wa mitutu miwili.

Watu wa bolti husema Mauser, na wakisema Mauser wanamaanisha kucha. Mwaka 1898 Mjerumani Paul Mauser alitoa bolti yenye kucha ndefu ya chuma ubavuni. Risasi inapotoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, kucha inaidaka kitakoni papo hapo na kuishika mpaka itakaporushwa nje ikiwa ganda. Kuna bunduki nyingine ambazo bolti inaisukuma risasi tu mbele, na kucha inaikamata mwishoni kabisa, ndani ya chemba. Uwanjani huoni tofauti. Lakini mtu aliyeshtuka huvuta bolti nusu, akairudisha, akaivuta tena, na kwenye bunduki ya kusukuma sasa ana risasi mbili zinazogombea mlango mmoja. Kwenye Mauser ile ya kwanza bado imeshikwa, itatoka yenyewe. Ndiyo maana Winchester walipoibadilisha Model 70 yao mwaka 1964 na kuiondoa kucha ili kupunguza gharama, wawindaji wa Afrika waliichukia, na zile za kabla ya 1964 zikapanda bei. Kiwanda kilirudisha kucha miaka ya 1990.

Kwenye bolti hizo risasi inayoheshimiwa zaidi ni .416 ya Rigby ya mwaka 1911: gramu 26 kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, ndani ya ganda kubwa makusudi ili shinikizo libaki chini hata kwenye joto. Ndugu yake maskini ni .404 ya Jeffery. Nasema maskini kwa heshima, kwa maana hiyo ndiyo waliyopewa mabwana nyama wengi wa Tanganyika na Kenya wakati wa ukoloni kwenda kufukuza tembo mashambani. Haikuwa na jina kubwa, ilikuwa inafanya kazi.

Watu wa mitutu miwili wana hoja moja ambayo sijawahi kuisikia ikijibiwa sawasawa. Mitutu miwili ni bunduki mbili ndani ya kitako kimoja: triga mbili, vifyatuo viwili, chemba mbili. Kimoja kikigoma, kingine hakina habari. Risasi ya pili inatoka bila kuinua mkono, bila kuondoa jicho kwa mnyama. Na bunduki yenyewe ni fupi, inazunguka upesi kwenye matete. Inayopendwa kuliko zote ni .470, gramu 32 kwa mita 655 hivi kwa sekunde.

Ila muulizeni mwenye nayo alivyoipata. Mitutu ile miwili haiko sambamba. Imelazwa ikielekeana kidogo sana, ili risasi zikutane karibu mahali pamoja kwa umbali wa mita 50 hadi 100. Hakuna mashine inayoamua pembe hiyo. Fundi anapiga, anaangalia karatasi, anaipasha moto lehemu, anaisogeza kabari kati ya mitutu kwa unywele, anaiacha ipoe, anapiga tena. Anarudia hivyo mpaka aridhike, na amefanya hivyo kwa aina moja tu ya risasi. Ukibadili uzito au baruti, mtutu wa kulia unaelekea kwake na wa kushoto kwake. Ndiyo maana bei yake ni ya nyumba, na ndiyo maana mwenyewe huhesabu risasi zake kila jioni.

Na hata kupendwa kwa .470 si kwa sababu ya tembo peke yake. Mwaka 1898 Rigby walikuwa wametoa .450, na wengi walitosheka nayo. Kisha Waingereza wakapiga marufuku kaliba ya .450 India na Sudani, wakihofia risasi zitaishia mikononi mwa waasi. Watengeneza bunduki wakakimbilia .465, .470, .475 ili waendelee kuuza. Siasa za India zikachagua bunduki inayobebwa leo Selous.

Halafu miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kikaacha kutengeneza risasi hizi kubwa. Himaya ya Waingereza ilikuwa imekwisha, wateja wamekwisha. Bunduki nzuri kabisa zikabaki mapambo ukutani. Nafasi hiyo ikajazwa na Wamarekani: .458 ya Winchester, ya mwaka 1956, ndani ya bolti ya bei nafuu ambayo hata idara ya serikali inaweza kuinunua. Kwa karatasi ilikuwa .470 ya mtu wa kawaida. Kwa vitendo, ganda lake ni fupi. Ili kuifikisha kasi iliyoahidiwa, baruti ilishindiliwa mpaka ikagandamana, na kwenye baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu ikawa haiungui yote. Mtu anasikia mlio dhaifu, risasi inaingia kidogo, na nyati anaendelea na safari yake, ambayo ni kuja kwako. Baruti za siku hizi zimeponya sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini sifa mbaya haifutiki upesi. Mmarekani Jack Lott, ambaye alikuwa ameumizwa na nyati Msumbiji, akarefusha ganda hadi karibu na urefu wa ganda la .375, ikawa .458 Lott. Uzuri wake ni kwamba ukiishiwa, risasi ya .458 ya kawaida inaingia na kupiga kwenye chemba ile ile.

Mimi? Nimesikia swali hilo pale kushoto. Nabeba .416 ya bolti. Kama ningekuwa natembea na wageni wa tembo peke yao kwenye vichaka vizito, ningeuza gari nitafute mitutu miwili. Mke wangu hayupo hapa, kwa hiyo naweza kusema.

Kuna swali jingine, la kijana mwenye shati la kijani: ana pesa kidogo, anunue nini? Swali zuri kuliko mhadhara wangu wote. Tafuta BRNO au CZ ya Kicheki iliyotumika, .375 au .416. Ni Mauser kwa mwili na kucha, na wawindaji bingwa wengi wameanzia hapo na hawakuondoka. Lakini usimpe mtu pesa kabla hujaikagua hivi. Hakikisha iko tupu. Toa bolti, angalia ndani ya mtutu kwenye mwanga, hasa karibu na mdomo, kama kuna kutu. Fungua skrubu uitoe kwenye mti, uangalie nyuma ya ile nundu ya chuma inayopokea teke la bunduki. Kitako cha mbao kwenye bunduki hizi huanza kupasuka hapo, mpasuko mwembamba kama haujaangaliwa vizuri hauonekani. Kisha jaza risasi bandia kwenye magazini, zikoki zote polepole, halafu upesi upesi kwa hasira, halafu ukiwa umeigeuza bunduki juu chini. Zikitoka zote bila hata moja kukwama, anza kujadili bei. Ikikwama moja, mshukuru mwenye nayo, umrudishie.