Mgonjwa wa saratani ale nini: uji, protini na usalama wa chakula

Ndugu zangu wagonjwa, na ninyi mnaouguza, karibuni. Swali linaloulizwa zaidi majumbani mwetu ni hili: "Mgonjwa aache nini?" Anaachishwa nyama, wali, sukari, mwisho anabaki na juisi ya rozela na majani ya kuchemsha. Kilo zinakwisha. Mtu aliyekonda sana mwili wake haustahimili dozi, na dripu ya dawa za saratani huahirishwa. Kwa hiyo wakati wa tiba, chakula kinalinda uzito na misuli. Mpimeni kila wiki kwenye mizani ileile. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi, mwambieni daktari, msingoje kliniki ijayo.

Hili la kusema sukari hulisha saratani linaumiza watu. Seli zote hutumia glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, zilizo nzima na zenye saratani, na usipoila, ini hutengeneza. Ukimnyima chai yenye sukari unamkondesha yeye. Mwenye kisukari afuate mpango wake.

Protini: anzeni na gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 60 ni gramu 72. Yai lina 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20. Mwenye figo mbovu aulize kwanza.

Sasa tuje kwenye uji, maana ndicho chakula kinachopita wakati vingine vyote vimegoma. Uji mwepesi wa sembe ni maji tu. Pika wa ulezi, mzito, uive barabara. Epua, subiri mpaka mvuke upungue na uweze kuonja bila kuungua. Hapo tia kijiko cha chai cha unga wa kimea (nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa) kwa kila kikombe, koroga. Dakika chache tu, uji uliokuwa unang'ang'ania mwiko unaanza kutiririka, na unga ni uleule. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, kimeng'enya, yaani kile cha kwenye kimea kinacholegeza uji, kinakufa na hakuna kitakacholegea. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukishalegea, rudisha motoni uchemke tena, kwa sababu kimea kinaweza kubeba vijidudu. Malizia na kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa, viwili vya maziwa ya unga, na kimoja cha chai cha mafuta. Karanga zichambuliwe: iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga, nayo huleta saratani ya ini.

Kichefuchefu kikimbana, mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Chakula kilichopoa hakina harufu kali. Siku ya dripu msimpe anachokipenda kuliko vyote. Akikitapika, anaweza kukichukia kwa miezi. Ladha ya chuma mdomoni hupungua akitumia kijiko cha plastiki na kukamulia ndimu. Lakini kama ana vidonda mdomoni, ndimu, ukwaju na pilipili viondoke kabisa; asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Anayepigwa mionzi ya nyonga akiharisha, apunguze maharage na mboga za majani kwa muda, anywe ORS, ile poda ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji.

Dawa nyingi za dripu hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo juisi ya miwa ya barabarani, kachumbari ya kibandani na chipsi mayai yenye ute zisimkaribie. Yai liive mpaka kiini kigande, maziwa yachemke. Kwa joto hili la Dar chakula kisikae nje zaidi ya saa moja. Homa ikifika nyuzi 38, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Msiishushe kwanza kwa panadol.

Tunda la stafeli ale, ila majani yake yaliyochemshwa yasubiri. Mitishamba mingine huvuruga ini linavyosafisha dawa. Msimfiche daktari.

Tiba ikiisha na uzito ukirudi, mboga za majani, maharage na dona virudi kwa wingi. Nyama nyekundu isizidi nusu kilo iliyopikwa kwa wiki, pombe iachwe. Ambaye mionzi imemkausha mate anahitaji mchuzi kwa kila tonge, na chupa ya maji aende nayo hata kwenye daladala.