Kizungu cha Kutoka Puani Hakimtishi Msahihishaji

Wanafunzi, walimu na wazazi mliofika hapa Kisumu, hamjambo.

Karibu kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ana lile daftari lililopigwa mstari katikati: kushoto neno gumu la Kiingereza, kulia maana yake. Mengi ni ya kujionyeshea, kama "lugubrious". Nawaambieni wazi, msahihishaji wa insha hababaiki. Neno kubwa likikaa vibaya linakuaibisha.

Anzeni kwingine. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alichapisha orodha aliyoitoa katika maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5. Aliyaweka kando yale 2,000 ya kawaida, akabaki na familia 570 za maneno (neno pamoja na maumbo yake) yanayojirudia katika sanaa, biashara, sheria na sayansi. Hizo tu hubeba takriban asilimia 10 ya maandishi hayo. Ukishika "analyse" na ndugu zake, umejisaidia katika Biolojia, Jiografia na Historia kwa mpigo. "Lugubrious" utakutana nayo lini?

Na kujua maana hakutoshi. Kamusi itakwambia "mitigate" ni kupunguza makali. Basi mtu anaandika kwamba mama alipigania bei ya omena pale soko la Kibuye hadi "akai-mitigate". Sarufi haina kasoro, ila neno limewekwa ugenini. Lenyewe huandamana na hatari, hasara, madhara. Matuta ya kuzuia maji ya mto Nzoia yakipunguza madhara ya mafuriko kule Budalang'i, hapo linakaa.

Kuhusu kusahau, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba mengi hutuponyoka mapema, kisha kasi hupungua. Ndiyo maana orodha ya kukesha nayo haidumu. Baadaye Sebastian Leitner, mwaka 1972, alieleza kisanduku cha kadi za kujikumbushia, chenye vyumba vitano. Mbele ya kadi andika sentensi yenye pengo, nyuma andika neno. Ukilipata, kadi inasogea chumba kinachopitiwa baada ya siku nyingi zaidi. Ukilikosa, hata ikiwa imefika cha tano, inarudi cha kwanza. Boksi la viatu linatosha. Zipo programu za simu pia, lakini simu zenu nazijua.

Manila na makasi viko meza ya nyuma. Kila mmoja afungue kitabu cha somo linalomsumbua, si kamusi, achague maneno matano pamoja na sentensi zake.