Karanga langoni

SALUM: Tuko hewani. Rehema, kabla hujafungua daftari lako la mambo matatu, nisikilize. Jumamosi nimekwenda kuvua ziwa moja la kulipia, huku huku Uingereza. Mlinzi kafungua ndoo yangu, kaona karanga zangu za chambo, kasema hapa marufuku, rudisha kwenye gari.

REHEMA: Karanga tena! Wasikilizaji, mnamjua huyu na karanga zake.

SALUM: Nilizichemsha, dada. Usiku kucha nimeziloweka, ndipo nikachemsha.

REHEMA: Mlinzi atajuaje? Karanga kavu ikimezwa inafura ndani ya samaki, na karpu, huyo samaki wa maji baridi unayemvua, hana mfuko wa tumbo. Chakula kikitoka kooni kinaingia utumboni moja kwa moja.

SALUM: Ana meno kooni! Anasaga hata konokono na gamba lake.

REHEMA: Atasaga karanga, hatasaga sumukuvu. Kenya mwaka 2004 sumu hiyo ya ukungu ilikuwa kwenye mahindi, ikaua watu 125. Karanga inashika ukungu huohuo, na kuchemsha hakuimalizi sumu.

SALUM: Ndiyo maana bibi yangu Dodoma alichambua punje moja moja. Iliyosinyaa anatupa, yenye doa anatupa. Hata kuku hakuwapa.

REHEMA: Bibi alijua. Sumu nyingi hukaa kwenye punje chache mbovu.

SALUM: Na mimi nilichambua vilevile, kwa mikono yake aliyonifundisha! Sasa kwa nini nifukuzwe? Halafu mlinzi huyohuyo anauza chambo dukani pake.

REHEMA: Anachouza anajua kimetengenezwa na nini. Salum, lile ziwa halina pa kutokea. Samaki walewale wanavuliwa na kurudishwa majini miaka na miaka. Kila mvuvi akimwaga kilo yake, zisizoliwa zinaoza chini na kumaliza hewa ya maji. Na karanga ina mafuta mengi. Yakichacha yanamdhuru samaki.

SALUM: Basi wekeni kipimo, konzi moja kwa mtu. Marufuku ya jumla inamwadhibu aliyekesha jikoni sawasawa na mvivu.

REHEMA: Nani atahesabu makonzi alfajiri, watu wamepanga foleni?

SALUM: Huyohuyo aliyepata muda wa kufungua ndoo yangu.

REHEMA: Kufungua ndoo ni kuangalia. Kujua karanga imeiva au ina sumu ni kazi ya maabara. Sikubali.

SALUM: Na mimi sikubali. Anayejua kazi apewe nafasi aioneshe.

REHEMA: Samaki ndiye atakayelipa wakikosea.

SALUM: Na mvuvi analipa sasa hivi, hajakosea.

REHEMA: Fundi ananionesha vidole viwili, dakika mbili. Na nilikuwa na chambo hai, na virusi vinavyohama ziwa hadi ziwa ndani ya ndoo, na chubwi za madini ya risasi, vile vizito vya mshipi, zilizopigwa marufuku Uingereza mwaka 1987 kwa kuwaua mabata maji.

SALUM: Hayaingii leo. Msikilizaji mwenye namna ya kupima karanga pale langoni, atuandikie.

REHEMA: Apime zilizochemshwa, Salum, siyo maneno ya aliyezichemsha.

SALUM: Zima, fundi.