Amina ya Kukohoa

ELIZA: Karibuni tena. Leo tumepanga mambo matatu ya kuifanya ibada ya nyumbani isife. Joeli ameyaandika, karatasi ninaiona mkononi mwake. Lakini kabla ya hayo, kaka yako.

JOELI: Shemeji! Tulikubaliana hatumleti kaka hewani.

ELIZA: Ulikubaliana peke yako. Jumatano usiku tumeimba, tumesoma Neno, tumeshikana mikono. Zamu yake kuomba. Anashukuru kwa uzima, anawaombea wagonjwa, vizuri kabisa. Halafu sauti inashuka, ile sauti yake ya upole...

JOELI: Naijua. Nimekua nayo.

ELIZA: "Ee Bwana, wakumbuke nao wanaorudi nyumbani wamechoka, ila nguvu za kuongea na simu hadi saa nne wanazo."

JOELI: (anacheka) Hakutaja jina.

ELIZA: Watu wazima ndani ya nyumba ni wawili! Wa tatu ana miaka sita, simu atoe wapi?

JOELI: Labda alikuwa analiombea taifa.

ELIZA: "Wape moyo wa kuwasikiliza walio karibu nao." Na hapo kwenye "karibu" akanibonyeza mkono. Kisha akasema amina. Sasa niambie, hiyo amina niifanyeje?

JOELI: Uiitikie tu.

ELIZA: Nikiitikia, nimekiri mashtaka mbele ya mtoto. Nikinyamaza, nimegomea sala.

JOELI: Ungeitikia kimoyomoyo.

ELIZA: Mtoto kafumbua jicho moja, ananisubiri mimi.

JOELI: Kwa hiyo?

ELIZA: Nikakohoa.

JOELI: (anacheka sana) Jamani! Walokole wa kukohoa!

ELIZA: Subiri. Alhamisi zamu ya mtoto. Kapiga magoti, kafumba macho: "Bwana Yesu, mkumbuke na yule anayeficha chaja."

JOELI: Anayeficha chaja ni nani?

ELIZA: Kaka yako!

JOELI: Na yeye akaitikia?

ELIZA: Alikohoa.

JOELI: Basi mna kifua nyumba nzima. Twende kwenye la kwanza, nimeandika...

ELIZA: Hatuendi popote. Ile haikuwa sala, kilikuwa kijembe kilichofumbiwa macho. Soma Luka 18. Farisayo yuko hekaluni anamwambia Mungu yeye si kama watu wengine, "wala kama huyu mtoza ushuru". Huyu! Anasali huku anasonta kidole.

JOELI: Farisayo alikuwa anajisifu. Kaka alikuwa ameumia. Usiviweke kapu moja. Zaburi ya 55, Daudi anamlalamikia rafiki yake, mtu waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Na kichwa cha zaburi kinasema ni ya mwimbishaji, yaani iliimbwa watu wakisikia. Tumlaumu na Daudi?

ELIZA: Yule rafiki hakuwa ameshikwa mkono na Daudi wakati huo.

JOELI: Shemeji, mimi kaka namfahamu. Akiumizwa, ananyamaza wiki nzima. Mahali pekee nilipowahi kumsikia akisema yaliyo moyoni ni akiwa amepiga magoti. Na hapo unataka tumfungie?

ELIZA: Nataka aniambie mimi. Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa uende ukamwonye, "wewe na yeye peke yenu". Peke yenu, Joeli, mtoto hayumo. Na ile simu ya saa nne ni ya dada yangu. Tunapangana nani alale na mama hospitalini. Kaka yako amewaombea wagonjwa, kisha akalalamikia simu ya mgonjwa. Sala moja!

JOELI: (kimya kidogo) Hiyo sikuijua. Yeye je, anajua simu ni ya nini?

ELIZA: Anajua.

JOELI: Umemwambia?

ELIZA: Yeye ni mume wangu, na mama yangu yuko kitandani. Nimwandikie barua?

JOELI: Basi na wewe unamdai aseme kwa mdomo jambo ambalo wewe unaona halihitaji kusemwa.

ELIZA: Unamtetea kwa sababu mmenyonya titi moja.

JOELI: Namtetea kwa sababu ameomba. Waume wangapi hawaombi kabisa? Bora ya kijembe kuliko nyumba isiyopiga magoti.

ELIZA: Hapana. Mtoto ameshajifunza kwamba Mungu ndiye wa kumpitishia maneno ukiogopa kumwambia mtu usoni. Hilo bora tusingeomba siku hiyo.

JOELI: Tusiombe? Shemeji, hilo siliungi mkono hata kidogo.

ELIZA: Sijakuomba uliunge.

JOELI: Ilikuwa sala.

ELIZA: Kilikuwa kijembe.

JOELI: Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili, na karatasi yangu haijaguswa!

ELIZA: Soma la kwanza, haraka.

JOELI: "Ibada iwe fupi, kila mtu apate zamu."

ELIZA: Zamu! Zamu ndizo zilizotufikisha hapa. La pili?

JOELI: La pili lina maelezo marefu, na la tatu linategemea la pili. Acha. Wasikilizaji, tuandikieni: mkiombewa hivyo mnaitikia au mnakohoa? Na kaka asijue kwamba tumemjadili, nawasihi.

ELIZA: Kaka yako? Anatusikiliza kila kipindi, akiwa anapiga pasi.

JOELI: Kila kipindi?

ELIZA: Hadi matangazo.

JOELI: Ungeniambia mapema! Kaka, shikamoo. Fundi, weka muziki.