Kaloleni: uzuri wake uko nje ya nyumba

Asanteni kwa kuja, wazee wetu hapo mbele karibuni sana, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti bado viko.

Watu wakija hapa Kaloleni, mtaa wetu wa Nairobi tunaouita Kalo, wanapiga picha nyumba. Sawa, ni nzuri, za mawe, paa la vigae vyekundu, zilijengwa miaka ya 40 na wafungwa wa vita Waitaliano walifanya kazi hapa. Lakini ndani ni padogo, tusidanganyane, watoto wamekua wakazaa watoto na ndio maana mnaona vibanda vya mabati vimeegemea kila ukuta. Mimi nataka muangalie katikati ya nyumba.

Aliyepanga huu mtaa alifuata wazo la Mwingereza mmoja, Ebenezer Howard, ya kwamba watu wa mjini waishi kwa bustani, kule kwao walianza kuijaribu Letchworth mwaka wa 1903. Hapa ikaletwa kwa Waafrika waliokatazwa kukaa mitaa ya Wazungu, hiyo tusiisahau hata tukisifu namna gani. Sasa angalia vile zimepangwa, nyumba zinazunguka uwanja na milango inatazama uwanja, kwa hivyo mama akiwa kwa jiko anaona mtoto wake na wa jirani, na akimuona wa jirani anakosea anamkanya bila kuuliza mtu. Sisi tulilelewa na milango kumi hivi.

Baba yangu alipofariki hema lilipigwa hapo nje, siku nane watu wanakuja jioni, mchango unahesabiwa kwa meza ya jirani, chai inatoka nyumba ile, viti nyumba hii, na hatukulipa hata shilingi ya uwanja. Ndugu yangu anakaa gorofa huko Pipeline, kwao matanga inafanyiwa kwa ngazi.

Na huu ukumbi mmeketi. Wazee waliuita bunge, na walikuwa na sababu. Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya kuta hizi, Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Sio baadaye baadaye, sasa! Tarehe 15 Mei akashikwa, na hakuachiliwa mpaka 1961. Mimi kila nikiingia hapa huwa nasimama kidogo, nafikiria huyo mtu alirudi nyumbani jioni hiyo akijua kabisa watamjia.

Haya, magorofa. Esteti za zamani za kaunti hapa Nairobi zinabomolewa zijengwe magorofa, Pangani mmeona wenyewe. Sipingi mtu kupata choo ndani na maji ya mfereji, mamangu amebeba ndoo miaka mingi sana. Lakini yeyote atakayekuja na ramani hapa Kalo, kabla hajatuambia vyumba ni vingapi atuonyeshe kwanza hema litapigwa wapi, na watoto watachezea wapi wakionekana kutoka mlangoni, na huu ukumbi usiguswe.

Maswali tutayachukua tukitembea, maana nataka mwone uwanja wa kule nyuma kabla jua halijazama, saa hii ndio wakina mama wanatoa majiko nje.