Bakteria Aliyechemshwa Bado Anagandisha Damu

Asanteni, kaeni tafadhali. Naanza na mgonjwa ambaye karibu nyote mtakutana naye wodini: mtoto mwenye maambukizi ya meningokoki, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na kuingia kwenye damu. Asubuhi aliamka na homa, akatapika. Jioni miguuni ana madoa ya zambarau, na ukiyabana kwa glasi hayafifii. Vidole vya miguu vimeanza kuwa vyeusi. Wakati huohuo, pale alipochomwa sindano damu inachuruzika, unabana kwa pamba lakini haikomi. Niambieni basi: damu ya mtoto huyu inaganda, au haigandi?

Inaganda. Imeganda ndani ya mishipa midogo kabisa, maelfu kwa maelfu, mpaka akiba imekwisha. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, ambazo kwa mtu mzima hata kwa mtoto hazitakiwi kupungua 150,000 katika kila mikrolita, zimeporomoka. Fibrinojeni, protini inayofuma nyuzi za bonge la damu, imetumika ikaisha. Kidole kinakufa kwa kukosa damu, na tundu la sindano linavuja kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuliziba.

Nani aliyewasha moto huu? Twendeni pwani ya Marekani, Woods Hole, Massachusetts. Yuko mnyama wa baharini aitwaye Limulus, mwenye gamba lililojikunja kama kwato ya farasi na damu ya buluu. Mwaka 1956 mtafiti Frederik Bang alieleza alivyomdunga bakteria, na damu ya mnyama ikaganda mwili mzima. Kisha akawachemsha bakteria wale mpaka wakafa, akadunga tena. Damu ikaganda vilevile! Mimi husimama hapa kila nikifundisha somo hili, kwa sababu jambo zima limo humo: sumu iliyogandisha damu ni sehemu ya ukuta wa bakteria mwenyewe, na kufa kwake hakuiondoi.

Kwa Limulus, kuganda ni ulinzi. Hana kingamwili kama zetu, kwa hiyo humzingira adui kwa utando mzito asisambae. Sisi nasi tumebaki na desturi hiyo. Sumu ikigusa kipokezi kiitwacho TLR4 juu ya chembe nyeupe, chembe hiyo huota protini inayoitwa tishu fakta, ile ambayo kwa kawaida hukaa nje ya mshipa ikingoja jeraha. Damu ikikutana nayo huona kama mshipa umekatika. Na sumu ikipenya hadi ndani ya chembe? Mwaka 2019 uchunguzi kwa panya ulionyesha kwamba chembe hutobolewa na protini yake yenyewe, gasidamini D, ikapasuka na kumwaga tishu fakta kwenye damu. Panya waliokosa gasidamini hawakuganda damu hivyo.

Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, hana sumu hiyo ya ukutani, ana njia yake. Hutoa protini iitwayo koagulesi, inayoishika prothrombini, protini ya kugandisha iliyomo kwenye damu, na kuifanya igandishe damu bila kungoja amri ya mwili. Wenzetu wa maabara wanamtambua hivyo: plazima (maji ya damu) ya sungura kwenye tyubu pamoja na bakteria, nyuzi joto 37, kwa muda wa saa nne, unainamisha tyubu, imekuwa kama jeli.

Mtaniuliza, kwa nini tusizuie tu kuganda? Imejaribiwa. Protini C iliyoamshwa, ambayo mwili huitumia kuzuia damu isigande ovyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa wagonjwa wa sepsisi kali, yaani maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vianze kushindwa kazi. Mwaka 2011 ikaondolewa sokoni, kwani jaribio kubwa halikuonyesha kwamba inaokoa maisha, na ilikuwa inaleta damu kuvuja.

Ndiyo maana nawasihi kuhusu dozi ya kwanza ya antibiotiki. Mkumbukeni bakteria wa Bang aliyechemshwa. Dawa inamuua, lakini ukuta wake unabaki kwenye damu ya mtoto. Ukimchoma mtoto sindano ya dawa sasa hivi, unaua bakteria wachache na mabaki yao ni machache. Ukisubiri mpaka madoa yapande hadi tumboni, watakuwa wameshazaana mara nyingi, na kila mmoja atakayekufa ataacha ukuta wake humo.