Martin Pike: Klabu Nne, Medali Nne

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie wachezaji wa kuhamahama, wale ambao leo wako huku, msimu ujao kule, na huwa tunawasema vibaya. Nimemchukua Martin Pike, aliyecheza kandanda la Australia. Msioufahamu mchezo wenyewe, ni hivi: wachezaji 18 kila upande, mpira umechongoka kama yai, mikono ruksa. Ukiupiga katikati ya nguzo mbili ndefu unapata pointi sita, ukipita kando kidogo unapata moja.

Pike alianza na Melbourne mwaka 1993. Misimu miwili tu, wakamwacha. Akatua Fitzroy, na hapa naomba tukae kidogo.

Fitzroy ilianzishwa mwaka 1883, klabu ya wazee hasa. Mwaka 1996 ilikuwa hoi: haina uwanja wake, inadaiwa mkopo na kampuni ya bima ya Nauru (naam, Nauru, kile kisiwa kidogo cha Pasifiki), na msimu mzima ilishinda mechi moja. Mechi yake ya mwisho, Septemba 1 huko Perth, ilifungwa na Fremantle kwa tofauti ya pointi 86. Sasa fikirini kujituma kila wiki katika timu ya namna hiyo, huku mnajua mwakani haipo. Tuzo ya mchezaji bora wa Fitzroy msimu huo ilikwenda kwa Pike. Mimi naiheshimu kuliko kombe lolote alilonyanyua baadaye.

Klabu ikaunganishwa na Brisbane Bears, zikazaliwa Brisbane Lions. Brisbane waliruhusiwa kuchukua wachezaji wanane wa Fitzroy. Wakachagua wanane, na mchezaji bora wa klabu hakuwamo! Sijawahi kuona hesabu ya usajili iliyonishangaza hivyo.

North Melbourne ndio waliomchukua. Aliwachezea winga, beki, popote palipokuwa na pengo, na mwaka 1999 wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Carlton. Mwishoni mwa msimu wa 2000 nao wakamtema. Ligi ile ina ukomo wa jumla ya mishahara, kwa hiyo mchezaji wa kati ndiye rahisi kukatwa ili nyota walipwe.

Aliyemwokota ni nani? Brisbane, wale wale. Kocha Leigh Matthews akamweka kikosini, wakabeba ubingwa 2001, 2002 na 2003, ule wa pili kwa tofauti ya pointi tisa tu dhidi ya Collingwood. Pike alistaafu mwaka 2005, mechi 247 mgongoni.

Na katika wale wanane waliochaguliwa 1996, aliyecheza fainali zote tatu hizo akiwa na Brisbane ni Chris Johnson peke yake. Mwingine pale aliyekuwa Fitzroy msimu ule wa mwisho alikuwa yule waliyemwacha.